Kituo cha Bahari ni Vipimo Vyake

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakuu wa idara, walimu wangu, wavuvi mliotoka mbali kuja kukaa nasi, na nyinyi wanafunzi mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekwisha: nawasalimu nyote.

Nimeombwa niseme juu ya kituo cha kanda cha utafiti wa bahari, yaani kile kinachomilikiwa na nchi kadhaa zinazotumia bahari moja, na ambacho ndani yake watu wa fani mbalimbali hufanya kazi pamoja. Katika mikutano ya namna hii mazungumzo huanza na jengo. Maabara ngapi, gati liwe wapi, meli iwe na urefu gani. Mimi nitaanzia ghalani, kwenye rafu za chupa na madaftari, kwa sababu naamini kwamba kituo cha bahari ni vipimo vyake. Kituo chenye vipimo vya miaka 60, vilivyochukuliwa mahali palepale na kwa namna ileile, kimekamilika hata kama paa lake linavuja. Kituo chenye meli mpya, na vipimo vya miaka 3 vya mradi mmoja na miaka 2 vya mradi mwingine, bado kinasubiri kuzaliwa.

Nianze na mfano wa zamani. Mwaka 1902 nchi 8 za kaskazini mwa Ulaya zilikutana Copenhagen zikaunda Baraza la Kimataifa la Uchunguzi wa Bahari. Hazikuwa nchi zilizopendana sana. Miaka 12 baadaye baadhi yake zilikuwa zikipigana vita. Zilikaa meza moja kwa sababu ya swali lililokuwa limemshinda kila mmoja peke yake: kwa nini heringi hujaa mwaka huu, na mwaka mwingine nyavu zirudi tupu? Wengi walidhani samaki wamehama tu. Johan Hjort wa Norwe na wenzake wakaifanya kazi moja ya kuchosha sana: kusoma magamba. Gamba la heringi lina alama za ukuaji, na kwa kuzihesabu unaujua umri wa samaki. Walisoma magamba mwaka baada ya mwaka, wakagundua kwamba samaki waliozaliwa mwaka 1904 ndio waliokuwa wakijaza nyavu za Norwe kwa miaka mingi mfululizo, ilhali waliozaliwa miaka ya jirani walikuwa haba. Hjort alichapisha matokeo hayo mwaka 1914, na sayansi ya uvuvi haikurudi ilikokuwa. Ilianza kufahamika kwamba wingi wa samaki hutegemea sana idadi ya wachanga wanaonusurika katika siku zao za mwanzo.

Sasa fikirini: kizazi cha 1904 kingeonekanaje katika mradi wa miaka 2? Kisingeonekana kabisa.

Mfano wa pili nitaukalia zaidi, maana ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Katika pwani ya California, katikati ya miaka ya 1930, wavuvi walikuwa wakivua sadini zaidi ya tani 700,000 kwa msimu. Viwanda vya kusindika vilijipanga ufukweni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 samaki hao walikuwa wamepungua vibaya, na ugomvi ukaanza. Wataalamu wa upande mmoja walisema mmevua kupita kiasi. Wa upande wa pili walisema bahari imebadilika. Kila upande ulikuwa na idara yake, takwimu zake na wanasiasa wake.

Uamuzi uliofuata ndio ninaowaomba mwutazame kwa makini. Idara ya uvuvi ya jimbo, idara ya serikali kuu na taasisi ya utafiti wa bahari ya Scripps ziliunganisha nguvu, na mwaka 1949 safari za pamoja zikaanza: meli kupita kwenye mistari ileile ya bahari, ikisimama kwenye vituo vilevile, ikipima joto, chumvi, oksijeni na virutubisho, na kuvuta wavu mwembamba wa kukusanya mayai na wachanga wa samaki. Safari hizo zinaendelea mpaka leo. Ziliendelea hata baada ya sadini kuadimika kiasi kwamba jimbo lilisimamisha uvuvi wao mwaka 1967. Hebu tafakarini ujasiri wa kumwambia mtoa fedha kwamba samaki tuliyemfuata hayupo, na bado tunaomba fedha za mafuta ya meli.

Na jibu la ule ugomvi? Sehemu yake kubwa ilitoka mahali ambapo hakuna mtaalamu wa uvuvi angepatafuta. Chini ya bahari karibu na Santa Barbara kuna bonde ambalo maji yake ya chini yana oksijeni kidogo sana. Minyoo na kaa wa kuchimbachimba hawawezi kuishi pale, kwa hiyo tope hutulia tabaka juu ya tabaka, mwaka juu ya mwaka, bila kuvurugwa. Watafiti wa tope, Andrew Soutar na John Isaacs, walitoa nguzo za tope hilo wakahesabu magamba ya samaki yaliyozikwa ndani yake. Mwaka 1969 walionyesha kwamba katika muda wa karibu miaka 2,000, muda mrefu kabla ya kiwanda chochote kujengwa, sadini walikuwa wakijaa na kupungua, kujaa na kupungua. Kwa hiyo bahari hubadilika yenyewe. Lakini vilevile ilibainika kwamba kuwavua kwa nguvu zote wakati bahari imewageuka huharakisha anguko lao. Pande zote mbili za ugomvi zilikuwa zimeshika kipande cha ukweli, na aliyevileta vipande hivyo pamoja ni mtu wa tope.

Hiyo ndiyo maana ya fani nyingi. Nasema hivi kwa sababu neno hilo limezoeleka kwenye maombi ya fedha hata likapoteza uzito. Kuwa na mwanakemia ghorofa ya kwanza na mtaalamu wa matumbawe ghorofa ya pili hakutoshi. Fani nyingi ni pale ambapo swali la mmoja linajibiwa kwa sampuli ya mwingine. Na ili hilo litokee, lazima sampuli ziwepo, ziwe na tarehe, mahali na kina, na ziwe zimewekwa mahali ambapo mtu wa fani nyingine anaruhusiwa kuzifungua.

Kuna fani moja tunayoipa kiti cha mwisho karibu kila mara. Namaanisha ujuzi wa watu wenyewe, pamoja na wanasayansi ya jamii wanaojua kuusikiliza. Huko Newfoundland, nchini Kanada, uvuvi wa samaki aina ya kodi ulikuwa umelisha vizazi kwa karne kadhaa. Katika miaka ya 1980 wavuvi wadogo wa karibu na pwani walilalamika kwamba samaki wanapungua na wanaopatikana ni wadogo. Makadirio rasmi yaliegemea sana viwango vya mavuno ya meli kubwa za nyavu za kukokota, na viwango hivyo vilikuwa bado vizuri. Sababu yake tunaijua sasa. Samaki wanapobaki wachache hujikusanya, na meli yenye vifaa vya kuwasaka huwafuata palepale walipojikusanya. Mavuno yake hayashuki mpaka siku ya mwisho. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi ule. Watu zaidi ya 30,000 walipoteza kazi. Amri iliyotarajiwa kudumu miaka 2 ilidumu zaidi ya miaka 30.

Wavuvi mliomo humu, nataka mlisikie hili kutoka kwa mtu wa maabara: wenzenu wale walikuwa na data. Ilikuwa data ya mahali pamoja, ya miezi ya kiangazi, ya samaki wanaosogea ufukweni, na haikuwa na safu ya kuandikwa kwenye fomu za wakati ule. Kituo tunachokizungumzia kiitengeneze safu hiyo tangu siku ya kwanza. Mavuno yaandikwe kwenye madiko kila siku, na mtu yuleyule, anayelipwa, aliyefundishwa kutofautisha aina za samaki na kupima urefu wao. Kazi hiyo haina heshima kubwa kwenye majarida. Mimi naiweka mbele ya boya lolote la kisasa.

Kemia nayo ina mfano wake mfupi. Kuanzia mwaka 2007, katika vituo vya kuzalisha vifaranga vya chaza kwenye pwani ya Oregon, chaza wachanga walianza kufa kwa wingi. Kwanza ilidhaniwa ni bakteria. Wanasayansi wa bahari walipopima maji, walikuta kwamba upepo wa kiangazi ulikuwa ukiyapandisha maji ya kina kirefu yenye kaboni dioksidi nyingi, na maji hayo yalikuwa na uchachu uliomzuia chaza mchanga kujenga gamba lake katika siku zake za kwanza. Maji yale yalikuwa yameondoka juu ya bahari miongo kadhaa kabla, yakiwa yamebeba hewa ya wakati ule. Vihisi vikafungwa, wazalishaji wakajifunza saa za kuvuta maji na namna ya kuyarekebisha, na kazi ikarudi. Bahari imekwisha kufyonza takriban robo ya kaboni dioksidi tunayoitoa, na zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada. Kila kanda itakutana na jambo la namna hii kwa wakati wake, na itakayokuwa na vipimo vya awali ndiyo itakayojua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Narudi kwenye rafu. Nje ya Plymouth, nchini Uingereza, kuna mahali baharini panapoitwa E1. Pamepimwa tangu mwaka 1903. Frederick Russell, aliyeanza kukusanya planktoni, yaani viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji, katika maji yale miaka ya 1920, aliona jambo la ajabu lilipoingia muongo wa 1930: viumbe wadogo wa aina moja wakaondoka, wa aina nyingine wakachukua nafasi yao, fosfeti, ambayo ni rutuba ya maji, ikapungua, heringi wakaisha na sadini wakaongezeka. Miaka mingi baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mambo yakaanza kujirudia kinyumenyume. Bahari ilikuwa na mzunguko mrefu kuliko utumishi wa mtafiti mmoja. Na bado, mwaka 1987, vipimo vya E1 vilisimamishwa. Vilirudishwa mwaka 2002. Katikati pamebaki pengo la miaka 15, miaka ambayo bahari za dunia zilikuwa zikipata joto kwa kasi, na hakuna fedha inayoweza kulijaza. Unaweza kununua meli mwaka wowote. Huwezi kununua maji ya mwaka 1995.

Hapohapo Plymouth kuna kazi nyingine ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1931 Alister Hardy alianza kufunga kifaa chake nyuma ya meli za kawaida za mizigo na abiria. Ndani yake kuna utepe wa hariri unaojikunja polepole meli inapokwenda, ukinasa planktoni. Meli ikifika bandarini, utepe unatolewa, unatumwa maabara, viumbe wanahesabiwa chini ya hadubini. Hariri ni ileile ya zamani, na matundu yake ni yaleyale. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi hiyo nayo ilikaribia kufungwa kwa sababu wakubwa waliona ni kuhesabuhesabu tu kusiko na jipya, na iliokolewa kwa michango ya nchi mbalimbali. Kisha mwaka 2004 Richard Thompson na wenzake wakazifungua zile hariri za zamani kwenye rafu, wakatafuta ndani yake kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekikusudia: vipande vidogo vya plastiki. Walivikuta, na walionyesha kwamba viliongezeka tangu miaka ya 1960. Baadaye madaftari ya safari yakafunguliwa pia, maana kila mara kifaa kilipokwamishwa na takataka mtu alikuwa ameandika ni takataka gani. Kamba ya plastiki ilikuwa imeandikwa humo mwaka 1957. Aliyeandika hakujua anaandika historia. Alikuwa anafanya kazi yake kwa uaminifu.

Mwanafunzi unayenisikia, ukipewa daftari la meli, andika kila kitu.

Mtaniuliza, na mna haki: nchi zenye shida nyingi zitanufaikaje na kuhesabu planktoni? Nitawajibu kwa Pasifiki. Nchi 8 za visiwa, kadhaa zikiwa na watu wachache kuliko mji wa kawaida, zimo katika Makubaliano ya Nauru, yaliyotiwa saini mwaka 1982. Katika maji yao huvuliwa sehemu kubwa ya jodari na sehewa wa dunia, na wavuaji ni meli za mataifa makubwa. Zamani meli hizo zilijadiliana na kila kisiwa peke yake, na kila kisiwa kilipewa kidogo. Kwa upande wa sayansi, shirika la pamoja la Pasifiki lenye makao Nouméa limekuwa likifunga alama jodari na sehewa tangu miaka ya 1970. Samaki waliofungwa alama ni laki kadhaa, na kila anayevuliwa tena huonyesha alikopita na alivyokua. Nchi zile zikajua samaki wako wapi na wangapi wanaweza kuvuliwa. Zikaacha kuuza leseni za meli, zikauza siku za kuvua kwa idadi maalumu, kwa bei ambayo wote walikubaliana isishuke chini yake. Mapato yao, yaliyokuwa kama dola za Marekani milioni 60 mwaka 2010, yalipita milioni 400 kabla ya muongo kwisha. Mshikamano wa kisiasa ulihitajika, bila shaka. Lakini ukiingia chumba cha majadiliano huku takwimu zote ziko mkononi mwa mnunuzi, mshikamano haukufikishi mbali.

Bahari ya Hindi inatuhusu kwa namna ya pekee tukizungumzia kanda. Kaskazini imefungwa na nchi kavu ya Asia, na kwa sababu hiyo pepo zake hugeuka. Kusi ikivuma, Mkondo wa Somali hukimbia kuelekea kaskazini na maji baridi yenye rutuba hupanda juu. Kaskazi ikiingia, mkondo huohuo hugeuka. Hakuna nchi moja inayoweza kuupima mzunguko huo kwa ukamilifu ndani ya mipaka yake. Kati ya mwaka 1959 na 1965 meli zaidi ya 40 za mataifa zaidi ya 10 ziliifanyia uchunguzi mkubwa, na baada yake meli nyingi zikarudi kwao pamoja na wataalamu wake. India ilifanya jambo la busara: mwaka 1966 ikaanzisha taasisi ya taifa ya bahari, ambayo iko Goa, ikashika palepale msafara ulipoachia. Upande wa magharibi wa bahari hiyo wanasayansi waliunda chama chao cha kanda, WIOMSA, mwaka 1993, chenye makao Zanzibar, na kimewakutanisha watafiti ambao hapo kabla walijuana zaidi kupitia vyuo vya Ulaya kuliko wao kwa wao. Nakitaja kwa shukrani.

Na tarehe 26 Desemba 2004 sote tunaikumbuka. Zaidi ya watu 220,000 walikufa kwa tsunami. Pasifiki ilikuwa na mfumo wa tahadhari kwa miongo kadhaa. Bahari ya Hindi haikuwa nao. Sasa upo, na unategemea vitu vilevile ninavyovitetea asubuhi hii: vipima kina cha maji bandarini vinavyofanya kazi usiku na mchana, fundi wa kuvihudumia chumvi inapovila, na makubaliano kwamba takwimu za nchi moja zinafika nchi nyingine ndani ya dakika. Kipima maji hichohicho, kikitunzwa miaka 30, ndicho kinachomwambia mhandisi wa bandari bahari imepanda kiasi gani. Maboya ya Argo ya kupima joto na chumvi ya bahari, karibu 4,000 duniani kote, yanayozama mpaka mita 2,000 na kupanda kila baada ya siku 10, yana thamani kubwa kwa sababu takwimu zake ni wazi kwa kila mtu. Hata hivyo, kwenye maji mafupi ya mikoko, nyasi za bahari na matumbawe hayafiki. Huko ni kazi ya mikono yetu.

Basi, kwa wenye mamlaka ya kuamua, nina maombi. Fedha za vipimo vya kudumu zitengwe mbali na fedha za miradi, na zilipwe na nchi wanachama wenyewe, hata kama ni kidogo. Nimekaa katika vikao vingi vya kugawa fedha, na nimeona kila mara kinachokatwa kwanza ni safari ya kila mwezi kwenda mahali palepale, kwa hoja kwamba mwezi uliopita hapakuwa na jipya. Mafundi waajiriwe kwa masharti ya kudumu. Profesa akiondoka mwingine atakuja. Fundi aliyekaa miaka 20 na anayejua kwa nini kihisi fulani hudanganya maji yakiwa na tope, huyo akiondoka amekwenda na sehemu ya kituo. Sheria ya data iandikwe kabla ya data yenyewe kukusanywa: nani anaimiliki, baada ya muda gani inakuwa wazi, na mgeni anayekuja na meli yake anaacha nini. Sampuli ziwe na nyumba yenye umeme usiokatika.

Nchi isiyo na uwezo wa kujenga maabara yake isiachwe nje. Anton Dohrn, aliyeanzisha kituo cha Naples mwaka 1872, alikuwa na mfumo mwepesi: nchi au chuo kinakodi meza kwa mwaka, na anayekaa kwenye meza hiyo anapata maji ya bahari, viumbe, maktaba na jirani wa fani nyingine. Meza ya kukodi inawezekana hata leo, na kwa mwanafunzi mmoja inaweza kuwa mwanzo wa idara nzima nchini kwake.

Kuhusu meli, najua mjadala wa mchana utakuwa mrefu. Ombi langu ni kwamba usicheleweshe kuanza. Vituo vya kupimia vichaguliwe mwaka huu, kabla ramani ya jengo haijachorwa: kimoja nje ya mwamba katika kila nchi mwanachama, kimoja ndani ya ghuba, kimoja kwenye mdomo wa mto. Boti za idara za uvuvi zilizopo zinatosha kufika huko. Kipimajoto, chupa ya maji, wavu wa planktoni, daftari, na mtu mmoja mwenye mkataba wa kudumu katika kila nchi: gharama yake tunaimudu sasa hivi, na safari ya kwanza inaweza kutoka mwezi ujao.

Asanteni kwa kunisikiliza.